Mzee Shomari na Rangi za Boti Juhudi

Ndugu Shomari Mgeni anastaafu tarehe 30 Juni 1977, baada ya kuitumikia boti moja kwa miaka ishirini na sita. Boti ni ile ile. Kilichobadilika ni wenye boti, jina la boti, na tumbo la Mzee Shomari. Wanachama wa Ushirika wetu wa Uchukuzi wamenipa mimi, Bakili, fundi wa injini, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya karatasi ya sherehe. Darasa la sita nililitokea mlango wa nyuma, sikatai, lakini kati ya watu wote wa Juhudi hakuna mwenye mwandiko unaosomeka kama wangu. Hata Mzee mwenyewe analikubali hilo, ingawa kwa kununa.

Mzee Shomari ni mtu wa Kisiju. Alikuja mjini kijana, na mwaka 1951 akaajiriwa na tajiri mmoja aliyekuwa na boti ya injini pale Feri. Boti ikiitwa Shanti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukwangua mwani na makombe chini ya boti maji yakipwa, kazi ambayo leo ukimpa kijana anakuuliza kwanza kama umemchukia. Mwaka wa pili fundi rangi wa tajiri akaumwa, na Shomari akakabidhiwa brashi aishike wiki moja tu mpaka mwenyewe apone. Mwenyewe alipona. Brashi hakurudishiwa.

Tulipoanzisha ushirika, tajiri aliiuza boti akaenda zake, na wanachama wakakutana ofisini kwetu Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, wakachagua jina la Juhudi. Mzee Shomari ndiye aliyefuta Shanti na kuandika Juhudi pande zote mbili. Herufi J aliichora na mkia mrefu ulioshuka mpaka karibu na maji. Mwenyekiti wetu, Bi Benedikta, alipouliza mkia ule ni wa nini, alijibiwa, "Juhudi isiyo na mkia itakwenda wapi, Ndugu Mwenyekiti?" Hakuna aliyelielewa jibu lile hadi leo, lakini lilitosha kufunga mjadala.

Tangu hapo cheo chake ni mwangalizi wa boti. Wasioijua kazi yetu waelewe hivi: Juhudi inatoka Feri na kuingia ndani ya mkono wa bahari. Asubuhi inaleta mihogo, nazi na kuni zinazokwenda Kariakoo, jioni inawarudisha wenye mizigo na vikapu vyao vitupu. Nahodha anaiendesha. Mimi naiwasha, na nikiiwasha inawaka. Mzee Shomari anahakikisha inafaa kupandwa. Katika miaka yote hiyo hakuna abiria aliyechanika nguo kwa msumari wa Juhudi, wala mwanamke aliyeshuka na kanga yenye grisi. Abiria wa Feri wana midomo, na kwa upande huo hawajawahi kupata la kusema.

La kusema lipo upande wa rangi. Mzee Shomari hawezi kukiona kitu cha mbao kikae bila kukipaka. Benchi la ofisini alilipaka saa ya chakula bila kumwambia mtu, na fundi wetu seremala, Pantaleo, alirudi nyumbani siku ile na mistari ya kijani suruali nzima. Nyumbani kwake Magomeni mlango ni wa buluu ya Juhudi, vigoda ni vyeupe vya Juhudi, banda la kuku lina utepe wa kijani wa Juhudi, na hata kinu cha mkewe, Bi Sitara, kimepakwa kwa nje. Bi Sitara anasema anaogopa kulala mchana, asije akaamka naye ana utepe. Mzee anashikilia kwamba hayo yote ni mabaki ya kwenye makopo. Mabaki gani yanayotosha nyumba nzima, hilo Ushirika umeamua kuliacha.

Basi tungeishia hapo tukacheka na kupiga makofi. Lakini mwenyewe ameniagiza nisiuruke ukaguzi wa mwezi wa tatu mwaka huu. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema, "Andika kama ulivyokuwa. Usinipake rangi." Nami naandika.

Kila mwaka boti ya abiria lazima ikaguliwe ipate cheti cha usalama. Miaka ya nyuma ukaguzi kwetu ulikuwa jambo la kutazama tu, na kwa kutazamwa Juhudi haikuwa na mpinzani. Mwaka huu tukasikia kuna mkaguzi mpya, Ndugu Gaudens, na kwamba yeye hatazami, anafungua. Boti mbili za watu wengine zilikuwa zimeshafungwa kamba hapo hapo Feri, hazibebi abiria mpaka mwakani. Sisi tuna boti hiyo moja. Ikifungwa, mihogo inaozea huko huko na sisi tunakaa barazani kupiga miayo. Kwa Mzee Shomari lilikuwa zaidi ya hapo, maana alikuwa anahesabu miezi ya kustaafu. Aliniambia tukiwa tunashusha nazi: "Bwana mdogo, boti ikifungwa leo, watu hawatasema boti ilikuwa mbovu. Watasema Shomari alikuwa mbovu, akaondoka."

Mkutano ukaitishwa wa kujiandaa. Sasa, sote tunajua namna ya kujiandaa. Kiongozi akija kutembelea mtaa, mawe ya barabarani yanapakwa chokaa, mitaro inazolewa, bendera zinatundikwa, na akina mama wanapanga ngoma. Bi Benedikta alisema tunampokea mgeni wa serikali, na hakuna aliyenyoosha mkono kusema mgeni huyu ni wa namna nyingine. Kazi zikagawanywa. Mimi nikapewa injini, nikaisafisha ikawa unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Mkaguzi aliisifu baadaye, naomba hilo likumbukwe. Mzee Shomari akajipa mwenyewe kazi iliyobaki.

Rangi kipindi hicho ilikuwa ya kutafutwa, lakini yeye alikuwa ameficha makopo chini ya kitanda chake tangu mwaka uliopita, akisubiri kuifanyia Juhudi kazi yake ya mwisho. Aliipaka wiki nzima. Nje nyeupe, utepe wa kijani, ndani buluu, rangi ya mafuta mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, kila mahali. Ndoo za moto nyekundu. Sanduku la majaketi ya kuokolea akalipaka, na majaketi yenyewe, yaliyokuwa yamefifia kwa jua, akayapaka rangi ya machungwa moja baada ya jingine. Mchanga wa kuzimia moto uliokuwa ndani ya ndoo akaunyunyizia maji ya chokaa, uonekane mweupe. Alipomaliza, watu walikuwa wanatoka soko la samaki wanakuja kusimama gatini kutazama. Sijawahi kuona boti nzuri vile, nami nimeona nyingi.

Ndugu Gaudens alifika Jumatatu asubuhi. Kijana mwembamba, shati la mikono mifupi, bisibisi mfukoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uione boti."

"Nimeiona tangu nilipokuwa kule sokoni. Inapendeza sana. Sasa naomba unifungulie."

Alianza na sanduku la majaketi. Mzee Shomari akavuta kifuniko, hakikutikisika. Pantaleo akavuta, hakikutikisika. Nikawaambia wanipishe, kwa sababu pale Feri nzima hakuna mwenye mikono kama yangu, waulizeni wapakuzi. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kishikio kikanibaki mkononi, na sanduku likabaki limefungwa.

Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umegandana na chuma chake cha kuning'inizia, na maelezo ya kuutumia yamefunikwa na wekundu. Mchanga kwenye ndoo ulikuwa umekauka kama andazi la juzi. Ndugu Gaudens aliugonga kwa kidole ukalia. Hapo bado alikuwa anatabasamu. Alipofika kwenye tangi la mafuta akatafuta tundu la hewa, akakuta limezibwa kwa mikono mitatu ya buluu safi, tabasamu likaisha. Mwisho akaomba afunguliwe ngama, pale chini tumboni mwa boti maji yanapokusanyika. Kifuniko kilikuwa kimeshikana na sakafu, usingeweza kujua kinaanzia wapi.

"Mzee," akauliza, "hii ni boti au kopo la samaki?"

Pantaleo alileta patasi, tukalibandua sanduku kwa kulivunja pembe. Ndugu Gaudens akatoa jaketi moja, akaligeuza, akaligonga kama mtu anayebisha hodi. Halafu akamwomba Mzee Shomari alivae.

Ndugu wanachama, mliokuwepo mnajua. Jaketi lilikuwa gumu kama samaki wa ng'onda. Lilisimama mbali na kifua chake, kamba zake za kufungia zimekakamaa kama vijiti, na mikono ya Mzee haikuweza kushuka, ikabaki imeinuka kama mtu anayesimamisha basi. Kule juu gatini kulikuwa na Sofia, yule anayekaanga samaki karibu na ngazi. Akapiga kelele soko zima likasikia: "Jamani njooni! Babu Shomari kavaa mlango!"

Feri ikacheka. Mzee akapaza sauti kutoka ndani ya jaketi, "Cheka, Sofia, lakini linaelea!" Na kweli, tulitupa jingine majini likaelea vizuri tu. Wengine wakaanza kumpigia makofi.

Sofia akafuta mikono kwenye kanga, akashuka ngazi mpaka ubavuni mwa boti. Alikuwa hacheki tena. "Babu, mimi maisha yangu nimeyaweka kwenye boti hii. Kila jioni napanda na mwanangu mgongoni. Siku ikipinduka, nitamvalishaje mtoto mlango?"

Mzee Shomari akainamisha macho, akalitazama jaketi alilovaa.

Ndugu Gaudens akasema hataandika kufaulu wala kufeli, kwa kuwa hakuwa ameikagua boti bado, ameona rangi tu. Atarudi Alhamisi akimaliza vyombo vingine. Siku hiyo, kitu chochote kisichofunguka, Juhudi inafungwa kamba. Akaaga kwa adabu, akaenda.

Tulilikata jaketi kwa kisu ili Mzee atoke. Bi Benedikta, aliyekuwa ameshika kichwa, akashauri Pantaleo avunje vifuniko tu, tena taratibu, rangi nyingine isiguswe, maana boti ikiwa na mabaka itakuwa aibu. Mzee Shomari akanyoosha mkono kwa Pantaleo. "Nipe kisu cha kukwangulia."

"Acha sisi vijana tukwangue, Mzee," nikamwambia.

"Nani alipaka?"

"Wewe."

"Basi sogea, unaniziba mwanga."

Akaanza na kifuniko cha ngama. Chini ya buluu ya mwaka huu ikatoka buluu ya mwaka jana, chini yake kijani, chini yake nyeupe, na chini kabisa kahawia ya tajiri. Kila rangi aliitambua na kuitaja mwaka wake, hii ya mwaka wa Uhuru, hii ya mwaka aliooa, na kila aliyoitaja akaikwangua. Nusu siku ilikwisha hapo. Kifuniko kilipoinuka, akalala kifudifudi, akaingiza mkono na kuanza kubonyeza mbao moja moja. Karibu na shafti ya propela kidole gumba chake kikazama.

Aliutoa mkono, akautazama, akaurudisha. Mimi na Pantaleo tukainama. Kwa juu ubao ule ulikuwa mzuri, laini, unang'aa. Ndani ulikuwa umelainika kama muhogo uliochemka. Hauwezi kuoza hivyo kwa mwaka mmoja.

"Pantaleo," Mzee akauliza polepole, "hapa palikuwa panashikiliwa na nini?"

Pantaleo ni mtu wa ulimi, na suruali yake hajaisahau. "Na rangi yako, Mzee."

Nilidhani watapigana. Mzee Shomari akakaa kitako sakafuni, kisu mapajani. Juu gatini akina mama walikuwa wanapanga vikapu vyao kwenye mstari, wakituuliza kwa kelele kama jioni tutaondoka. Akawatazama mmoja mmoja.

"Waambieni leo hatuondoki," akasema. "Wala kesho. Pantaleo, nenda Gerezani kwa wauza mbao ukatafute mvule. Usiniletee mti mwingine."

Kilichofuata ni kazi, na kazi haina maneno mengi. Pantaleo alipata mvule, akautoa ubao mbovu kwa vidole tu bila patasi, akaweka mpya na kuupiga kalafati kuziba nyufa. Mimi nilizibua tundu la tangi na kusafisha njia yote ya mafuta, jambo ambalo fundi mwingine angelichukulia wiki. Majaketi yalipelekwa Magomeni. Bi Sitara na jirani zake waliyapasua, wakatoa sufi iliyokuwa ndani, wakaianika kwenye majamvi mbele ya nyumba na kuichambua, huku Bi Sitara akiwaambia wapita njia kwamba mume wake amekuwa akimletea rangi miaka yote na leo angalau kaleta kitu cha kutia kwenye mto. Maganda mapya ya kuirudishia sufi hiyo yalishonwa kwa kitambaa cha marekani na turubai kwenye baraza la mafundi cherehani Mtaa wa Sikukuu, na hakuna aliyethubutu kuyatia rangi. Mzee mwenyewe hakuacha kisu. Alikwangua kila bawaba, kila komeo, kila kishikio, mpaka viganja vyake vikatoka malengelenge.

Jioni ya Jumatano aliomba mkutano. Aliposimama pale Mtaa wa Mchikichi alisema maneno machache, nami niliyashika yote. "Ubao uliooza uliozea mikononi mwangu. Kila mwaka niliupaka bila kuubonyeza. Mmepanda juu yake ninyi na watoto wenu. Kama mnataka mtu mwingine aifikishe boti kwa mkaguzi kesho, mimi sitanung'unika." Bi Benedikta alitazama huku na huku. Hakuna aliyeinua mkono. Akasema, "Ndugu Shomari, kesho uwahi," akafunga mkutano.

Alhamisi Juhudi ilikuwa na mabaka kama mbuzi wa sadaka. Bi Benedikta hakutaka hata kusimama karibu nayo. Ndugu Gaudens alikuja, akafungua sanduku kwa kidole kimoja. Mtungi ukatoka. Mchanga ukachoteka. Tangi likapumua. Akaiwasha injini, akaisikiliza, akanitazama mimi kwa heshima. Kisha akauliza nani atamwonyesha namna ya kuvaa jaketi, nahodha akaanza kuvua kofia.

"Hapana," Mzee Shomari akasema. "Baharia anajua. Mpe Sofia."

Sofia akaitwa kutoka kwenye karai lake. Alifungua sanduku mwenyewe, akamshusha mtoto mgongoni, akamvalisha yeye kwanza na kumfunga kamba, ndipo akavaa lake, huku anamgombeza mtoto asile kamba. Hakuuliza mtu chochote. Ndugu Gaudens alitikisa kichwa kuridhika, akashuka ngamani. Tukasikia anagonga ubao mpya kwa mpini wa bisibisi, anagonga, anagonga. Alikaa huko muda mrefu, na Mzee Shomari alikuwa amesimama juu, mikono nyuma.

"Hapa mbona hamkupaka?" sauti ikatoka chini.

"Rangi imekwisha," Mzee akajibu. Halafu akaongeza, "Hata ingekuwepo. Pakae hivyo hivyo, kila anayekuja apaone."

Ndugu Gaudens akapanda juu, akajipangusa magoti, akaweka saini. Jioni ile ile tuliondoka na abiria.

Tangu siku hiyo kuna utaratibu mpya botini, nao ni wa Mzee Shomari. Kabla ya safari ya kwanza vifuniko vyote hufunguliwa mbele ya abiria, mpaka ngama, na anayetaka kubonyeza ubao abonyeze. Akina mama wa mihogo wanabonyeza kweli, tena wanabishana na Pantaleo kuhusu mbao kama wao ndio mafundi. Kasmir, anayepokea uangalizi wa boti, amekabidhiwa kisu cha kukwangulia. Brashi atapewa akishajua kukitumia.

Tarehe 30 Mzee Shomari atapanda Juhudi kama abiria kwa mara ya kwanza, kwenda na kurudi, pamoja na Bi Sitara. Ameomba nafasi karibu na sanduku la majaketi. Tumemkubalia, kwa sharti Bi Sitara ampekue kwanza asije na kopo.

Kwa niaba ya wanachama wote, na ya injini ambayo mimi ndiye msemaji wake, tunakushukuru Mzee Shomari kwa miaka ishirini na sita ya kazi, na kwa siku zile tatu za kukwangua, ambazo tunaziweka sawa na miaka hiyo yote. Boti unaiacha ikielea, cheti chake kimetundikwa kwa nahodha. Pumzika kwa raha Magomeni, mwili uwe na afya, nyumba iwe na furaha, na Mungu akuzidishie siku.